Jinsi ya Kutazama Makala ya Familia Inayodai Kutekwa na Viumbe wa Angani, na Jinsi ya Kuyapima Maoni ya Watazamaji

Filamu ya makala inayohusu familia iliyodai kuchukuliwa na viumbe wa angani huwagawa watazamaji mapema sana, mara nyingi hata kabla ya nusu saa ya kwanza kutimia. Upande mmoja husema kwamba watu wale hawawezi kuwa waongo, kwa kuwa mama anatetemeka anaposimulia na baba anashindwa kuendelea na maneno yake. Upande wa pili husema kwamba yote ni usanii wa kutafuta fedha. Pande hizo hubishana vikali, ilhali zote mbili zinajibu swali moja tu, nalo ni kama wasimulizi wana nia njema. Yapo maswali mengine mawili ambayo hayaguswi kabisa katika mabishano hayo: kama jambo linalosimuliwa lilitokea jinsi linavyosimuliwa, na kama mtengenezaji wa filamu amemtendea haki msimulizi pamoja na mtazamaji. Mtu anaweza kusema kila neno kwa moyo mweupe na jambo lenyewe lisiwe limetokea. Vilevile, filamu inaweza kumpotosha mtazamaji hata kama msimulizi hakusema uongo wowote.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyatenganisha maswali hayo matatu wakati wa kutazama, na namna ya kuyasoma maoni ya waliotangulia kutazama bila kuburutwa nayo. Mifano mingi inatoka Marekani, kwa sababu huko ndiko simulizi za aina hii zilikopata umbo tunalolijua leo na kuingia kwenye televisheni.

Kwanza jua unatazama nini

Kabla ya kuanza, ulizia kama waliomo ndani ya filamu ni wahusika wenyewe au ni waigizaji. Swali hili linaonekana la kitoto, lakini limewashinda watu wazima wengi. Tarehe 20 Januari 1998 kituo cha televisheni cha UPN nchini Marekani kilionyesha kipindi kilichoitwa Alien Abduction: Incident in Lake County. Kipindi kilidai kuwa na mkanda wa video wa familia ya McPherson, iliyokuwa imekusanyika kwa chakula cha Sikukuu ya Shukrani huko Lake County, jimbo la Montana. Kijana wa nyumbani ndiye aliyeshika kamera. Taa zinazimika, ndugu wanatoka gizani kuangalia hitilafu ya umeme, na huko nje wanakuta chombo kimetua na viumbe wakikizunguka. Kila baada ya muda mkanda unakatizwa, na watu wanaotambulishwa kama wataalamu wanahojiwa kuhusu uhalisi wa picha hizo. Mpangilio huo ndio uliowanasa watazamaji, kwa sababu mtu anayewaona wataalamu wakijadiliana huamini kwamba kuna jambo la kujadiliwa.

Familia hiyo haikuwapo. Mwongozaji Dean Alioto alikuwa ameajiri waigizaji. Mhusika mmoja, Renee, alichezwa na Emmanuelle Chriqui, ambaye baadaye alijulikana kwa tamthilia nyingine kadhaa. Kisa chenyewe kilikuwa marudio ya filamu ambayo Alioto huyohuyo aliitengeneza mwaka 1989 kwa takriban dola 6,500, akitumia kamera ya video ya kawaida ya nyumbani. Ghala la msambazaji liliteketea kwa moto na filamu hiyo ikatoweka sokoni, lakini nakala chache zilikuwa zimeshatoka, zikawa zinarudufiwa na kupitishwa mkono kwa mkono bila orodha ya majina ya walioitengeneza. Wafuatiliaji wa visahani vya angani wakazipokea kama ushahidi. Alioto alijitokeza kwenye televisheni kueleza kwamba kazi hiyo ni yake, na hata baada ya maelezo hayo wapo waliokataa kumsadiki.

Kutokana na kisa hicho zinapatikana hatua za vitendo. Anza kutazama filamu kutoka mwisho: isome orodha ya majina kwa utulivu, ukiangalia kama kuna watu waliotajwa kuwa wamecheza nafasi za wengine na kama kuna sentensi, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo na hupita upesi, inayosema kwamba baadhi ya matukio yameigizwa. Kisha jiulize ni nani, nje ya filamu, angelazimika kulijua tukio hilo. Familia nzima haiwezi kutoweka bila mwalimu kuona dawati tupu, mwajiri kuuliza, benki kudai mkopo wake, na gazeti la wilaya kuandika walau aya mbili. Ikiwa filamu haimtaji hata mmoja kati ya hao kwa namna inayoweza kuthibitishwa na mtu wa nje, basi umeshapata nusu ya jibu kabla ya kuitazama.

Jihadhari zaidi na filamu inayokiri sehemu ya uigizaji wake. Mwaka 2009 kampuni ya Universal ilitoa The Fourth Kind, filamu inayohusu watu wa mji wa Nome huko Alaska. Inapoanza, Milla Jovovich anajitambulisha kuwa ni mwigizaji anayechukua nafasi ya daktari wa kweli, kisha skrini inagawanywa na mtazamaji anaonyeshwa igizo upande mmoja na picha zinazoitwa za kumbukumbu upande wa pili. Picha hizo za kumbukumbu nazo zilikuwa igizo. Ujanja wa kukiri kidogo ili kuficha kikubwa una nguvu kuliko ule wa kukana kila kitu, na watazamaji wengi walitoka wakiwa na hakika kwamba wamemwona daktari mwenyewe. Katika kuitangaza filamu hiyo zilitengenezwa pia habari za uongo mtandaoni zikiwa na majina ya magazeti ya Alaska, na kampuni ikalazimika kufikia maafikiano ya kulipa dola 20,000 kwa chama cha wanahabari cha huko. Nome kweli ilikuwa na familia zilizopoteza ndugu zao. Wapelelezi wa FBI walizipitia kesi hizo na kuona kwamba ulevi na ukali wa majira ya baridi ndivyo vilivyohusika. Ndugu wa marehemu hao walilazimika kuona misiba yao ikigeuzwa burudani, na katika maoni ya watazamaji sauti yao ndiyo inayosikika kidogo kuliko zote.

Andika tarehe mbili kwa kila jambo

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ukiwa na muda wa kufanya moja tu, ifanye hii. Chukua karatasi uigawe katikati. Kila filamu inapotaja jambo, andika upande wa kushoto tarehe inayodaiwa jambo hilo lilitokea, na upande wa kulia tarehe ambayo lilisemwa au kuandikwa kwa mara ya kwanza. Watengenezaji wa makala hupanga kisa kwa mfuatano wa matukio: gari linakwenda, mwanga unaonekana, viumbe wanashuka, familia inarudi nyumbani. Mtazamaji anayafuata kana kwamba ni kumbukumbu moja iliyohifadhiwa tangu usiku ule, ilhali mara nyingi vipande hivyo vilipatikana kwa nyakati tofauti, vingine baada ya miaka.

Chukua kisa cha Betty na Barney Hill, ambacho ni maarufu kuliko vyote na ambacho makala nyingi hukirudia. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 1961, mke na mume hao walikuwa wakirudi nyumbani Portsmouth, New Hampshire, kutoka matembezini Canada, wakipita barabara namba 3 katika milima ya White Mountains. Betty alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii na Barney alifanya kazi posta. Mbwa wao, Delsey, alikuwa ndani ya gari. Waliona mwanga ulioonekana kuwafuata. Barney alisimamisha gari, akatoka na darubini, kisha akarudi mbio akiwa na hofu kubwa. Yaliyomo hadi hapa yana tarehe mbili zinazokaribiana sana, kwa kuwa Betty alipiga simu katika kambi ya jeshi la anga ya Pease siku moja tu baada ya kufika nyumbani.

Sasa endelea kujaza karatasi. Siku kumi hivi baada ya safari, Betty alianza kuota kwa usiku kadhaa mfululizo kwamba amechukuliwa na kupimwa ndani ya chombo, na mwezi Novemba akaziandika ndoto hizo. Suala la saa mbili zisizojulikana zilikokwenda liliibuka walipokuwa wakizungumza na wachunguzi baada ya wiki kadhaa, si asubuhi ile walipofika. Maelezo ya kuchukuliwa, jinsi filamu zinavyoyaonyesha, yalitoka katika vikao vya hipnosia, yaani usingizi wa kuongozwa na tabibu, vilivyofanywa na daktari wa magonjwa ya akili Benjamin Simon huko Boston kuanzia Januari 1964. Kushoto utakuwa umeandika 1961 na kulia 1964. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna ndoto zilizoandikwa, mazungumzo ya nyumbani, mihadhara midogo na mahojiano.

Karatasi hiyo itakuonyesha pia mambo ambayo filamu huyalainisha. Katika ndoto za Betty za mwaka 1961, viumbe wale walikuwa na nywele nyeusi na pua kubwa. Katika vikao vya 1964 Barney alieleza macho marefu yaliyozunguka hadi pembeni mwa kichwa, na taratibu umbo hilo lisilo na pua ndilo lililoshika katika michoro na sinema. Mwandishi Martin Kottmeyer aligundua kwamba tarehe 10 Februari 1964, siku 12 kabla ya kikao ambacho Barney aliyaeleza macho hayo, televisheni ilionyesha tamthilia yenye kiumbe mwenye macho yanayofanana. Betty alipoulizwa alisema hawakuwa watazamaji wa kipindi hicho. Mtazamaji makini huandika yote mawili, bila kuamua kwamba tarehe zinazokaribiana ni uthibitisho wa kuiga. Uangalifu huohuo unahitajika kwa filamu ya televisheni kuhusu akina Hill iliyoonyeshwa na NBC tarehe 20 Oktoba 1975, James Earl Jones akicheza nafasi ya Barney: wiki mbili na siku mbili baadaye, huko Arizona, wafanyakazi wenzake wa mkata miti aitwaye Travis Walton waliripoti kwamba mwenzao huyo amechukuliwa. Wapinzani huutumia ukaribu huo kama hukumu, lakini kwangu mimi ni sababu ya kuuliza maswali zaidi, basi.

Kuhusu hipnosia yenyewe, inafaa kujua jambo ambalo makala nyingi hulipitia juujuu. Hipnosia humwongezea mtu uhakika juu ya anachokikumbuka bila kumwongezea usahihi kwa kiwango hichohicho, na swali la tabibu linaweza kupanda mbegu ya jibu. Dakta Simon alilijua hilo. Aliwahoji wenzi hao kila mmoja peke yake na kuwazuia wasikumbuke ya kikao hadi muda ufike. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hawakuwa wakidanganya, na kwamba sehemu ya kutekwa ilitokana na ndoto za Betty, ambazo Barney alikuwa ameshazisikia mara nyingi. Filamu inayokusikilizisha kanda za Simon, huku Barney akipiga mayowe, bila kukueleza Simon mwenyewe aliamini nini, imekunyima kitu muhimu, na unapaswa kuipunguzia alama kwa ajili hiyo.

Ukifika kwenye sehemu zilizoigizwa, zima sauti kwa dakika tano. Utaona dirisha, taa ya buluu inayosogezwa nyuma ya pazia, na mtoto aliyeagizwa kufumbua macho taratibu. Ile hofu uliyokuwa nayo ilitoka kwenye muziki. Washa sauti tena utakapomwona msimulizi mwenyewe kwenye kiti, na uanzie hapo kupima.

Hesabu mashahidi upya

Familia ya watu sita si lazima iwe mashahidi sita. Hesabu inayofaa ni ya wale walioeleza walichokiona kabla ya kusikia maelezo ya wengine. Mnamo Januari 1967 huko South Ashburnham, Massachusetts, Betty Andreasson alikuwa nyumbani pamoja na wazazi wake na watoto wake saba pale umeme ulipokatika na mwanga ukaonekana dirishani, kwa mujibu wa maelezo ya familia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kisa hicho, ikiwemo ya viumbe kupita kwenye mlango uliofungwa, ilisimuliwa na Betty chini ya hipnosia mwaka 1977. Binti yake mkubwa aliunga mkono baadhi ya mambo. Kwa hiyo watu tisa waliokuwa naye ndani ya nyumba hawageuki kuwa mashahidi tisa wa kila kilichosemwa. Wengi wao ni mashahidi wa kukatika kwa umeme na mwanga.

Tatizo la familia ni kwamba wanakula pamoja. Kisa kinasimuliwa mezani, mdogo anamsahihisha mkubwa, baba anaacha kupinga kwa ajili ya amani ya nyumba, na baada ya miaka mitano kila mmoja anakumbuka picha ileile bila yeyote kukusudia uongo. Katika makala, sikiliza kama ndugu wanatumia maneno yaleyale hasa, na uone kama mwongozaji amewahoji wakiwa kwenye kochi moja au kila mtu mahali pake. Tafuta pia ndugu anayekosekana: mara nyingi yupo mmoja aliyekataa kushiriki, na kukataa kwake hutajwa kwa sentensi moja au hakutajwi kabisa.

Jinamizi na msimulizi anayelia

Madai mengi ya kutekwa huanza kitandani: mtu anaamka, hawezi kusogeza hata kidole, anahisi kuna mtu chumbani, na kifua kinabanwa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana, kwa kuwa kukabwa na jinamizi kunajulikana kila nyumba. Kitabibu, hali hiyo hutokea pale akili inapoamka wakati mwili bado umelegezwa na usingizi wa ndoto, na takriban watu 8 kati ya 100 huipata walau mara moja maishani. Anayekuja chumbani hubadilika kulingana na mahali. Katika Zanzibar ya mwaka 1995, kuanzia Pemba hadi Unguja, aliitwa Popobawa, na familia zilitoka kulala nje kwa makundi. Watafiti waliolifuatilia tukio hilo walilihusisha kwa sehemu na jinamizi. Marekani ya miaka hiyohiyo ilikuwa na viumbe wa kijivu wenye macho makubwa.

Hapa ndipo linapojibika lile swali la machozi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwemo Richard McNally na Susan Clancy, walichapisha matokeo ya kuwapima watu wachache waliodai kuchukuliwa na viumbe wa angani, wakiwasikilizisha rekodi za simulizi zao wenyewe. Mapigo ya moyo na jasho vilipanda kwa kiwango kinacholingana na cha watu waliopitia vita au ukatili na kuathirika. Mwili, kwa maneno mengine, huogopa kile unachokiamini. Mtazamaji anayesema kwamba yule mama hawezi kuigiza machozi yale huenda yuko sahihi kabisa, na bado hajasogea hata hatua moja kuelekea kujua kama chombo kilitua.

Kuyasoma maoni ya waliokwisha kutazama

Maoni ya watazamaji ni hazina, mradi uyachambue kwa kuuliza kila moja linajibu lipi kati ya yale maswali matatu. Maoni yanayoanza na "kwa nini waseme uongo?" ni ya swali la kwanza, na wakati mwingine yana uzito. Akina Hill hawakukimbilia magazeti. Habari yao ilichapishwa na gazeti moja la Boston Oktoba 1965 bila ridhaa yao, miaka minne baada ya tukio. Hilo linawatetea dhidi ya tuhuma ya kutafuta umaarufu. Yape alama hapo, usiyavushe hadi swali la pili.

Maoni ya "hata mimi yalinikuta" ndiyo yanayopaswa kusomwa kwa upole na uangalifu mkubwa zaidi. Muulize mwandishi wake, kama unaweza, alilisimulia kwa mara ya kwanza lini: kabla ya kutazama filamu ya aina hii au baada yake. Muulize pia kama alikuwa amelala chali, kama alikuwa amekesha siku zilizotangulia, na kama ilijirudia. Usimwambie kwamba hakuona kitu. Aliona, na anachohitaji kujua ni kwamba wengine wengi huona, na kwamba hali hiyo ikijirudia mara kwa mara ni jambo la kumweleza daktari.

Kejeli hazina cha kukufundisha kuhusu familia, ingawa zinaweza kukufundisha kuhusu watazamaji. Barney alikuwa Mwafrika Mmarekani na Betty alikuwa mzungu, wakati ambapo majimbo kadhaa bado yalipiga marufuku ndoa za namna hiyo, hadi Mahakama Kuu ya nchi ilipozifuta sheria hizo mwaka 1967. Wapo watazamaji wanaoona katika hofu ya Barney barabarani usiku kitu ambacho mtu mweusi wa mwaka 1961 alikuwa na sababu za kutosha kukiogopa hata bila chombo cha angani. Maoni hayo yana akili ndani yake. Lakini nayo ni dhana, na mtu anayedai ushahidi kwa ajili ya viumbe wa angani hapaswi kuikubali dhana ya kijamii bila ushahidi kwa kuwa tu inapendeza.

Wanaosema kwamba serikali inaficha waulizwe ni hati gani hasa iliyofichwa. Jeshi la anga la Marekani liliendesha mradi wa Blue Book hadi mwaka 1969, likakusanya ripoti 12,618, na 701 kati yake zikabaki bila kutambuliwa. Kumbukumbu za mradi huo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo, nazo ziko wazi kwa umma. Kusema kwamba jambo halikutambuliwa maana yake ni kwamba taarifa hazikutosha kulitaja, na mtazamaji asikubali kusogezwa kutoka hapo hadi sayari nyingine kwa sentensi moja.

Habari zinazosema kwamba watazamaji walipagawa nazo zipimwe. Kila mtu amesikia kwamba tarehe 30 Oktoba 1938 Marekani nzima ilikimbia nyumba kwa sababu ya igizo la redio kuhusu uvamizi kutoka Mirihi. Utafiti wa wasikilizaji uliofanywa usiku huohuo kwa simu ulikuta asilimia 2 tu ya waliohojiwa wakisikiliza kipindi hicho. Watu walioogopa walikuwapo, ila magazeti, ambayo hayakuipenda redio, yaliwaongeza sana. Basi ukisoma kwamba filamu fulani "imewatia watu wazimu", tafuta walioulizwa ni akina nani na ni wangapi.

Ukitaka kutoa maoni yako

Acha usiku mmoja upite kabla ya kuandika. Kisha andika majibu matatu tofauti: unaonaje nia ya wasimulizi, unaonaje tukio, unaonaje filamu. Inaruhusiwa kabisa kuandika kwamba unawaamini kuwa wanasema wanachokumbuka, kwamba huamini kuwa walichukuliwa, na kwamba mwongozaji amewatumia vibaya. Maoni ya aina hiyo ni adimu, na hupata majibu bora kuliko yale ya neno moja. Usiitaje shule ya mtoto wa familia hiyo, mtaa wao, wala usibandike picha ya nyumba yao. Zanzibar mwaka 1995, katika taharuki ya Popobawa, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliokuwa na hakika kwamba umemkamata aliyehusika. Hofu inayosambazwa kwa maneno huwa haichagui pa kutua.

Ukitazama na watoto, kaa nao hadi mwisho na uwaonyeshe orodha ya waigizaji jina kwa jina. Mtoto aliyeogopa usiku asichekwe. Awashiwe taa, aambiwe kwamba mwili huchelewa kuamka wakati mwingine, na alazwe ubavu, kwa kuwa jinamizi huwapata zaidi wanaolala chali.

Na kama kisa kimekushika kiasi cha kutaka kuendelea nacho, acha kutafuta makala nyingine na uende kwenye maandishi yenyewe. Nyaraka za akina Hill, pamoja na gauni ambalo Betty alilivaa usiku ule, zinahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha New Hampshire. Chukua karatasi yako ya tarehe mbili, anza na yaliyoandikwa mwaka 1961, usome ndoto kama zilivyoandikwa Novemba ile, na usifungue ya mwaka 1964 hadi umalize.